Franz Karl Naegele

Franz Karl Naegele (Düsseldorf, 12 Julai 1778 – Heidelberg, 21 Januari 1851) alikuwa daktari na profesa wa ukunga kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa kanuni ya kukadiria siku ya kujifungua inayoitwa kwa jina lake: huchukuliwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hurudishwa nyuma miezi 3, kisha huongezwa siku 7. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa hesabu ya wiki 40 za ujauzito inayotumika katika kliniki za wajawazito karibu duniani kote. Nchini Tanzania hutumika kuanzia hospitali kubwa za mijini hadi zahanati za vijiji vya milima ya Usambara.

Hesabu yenyewe haikuwa uvumbuzi wake. Aliipokea kutoka kwa Hermann Boerhaave, daktari wa Uholanzi aliyefariki karibu miaka 40 kabla Naegele hajazaliwa. Naegele aliifundisha na kuieneza, na madaktari waliomfuata wakaiita kwa jina lake. Wenzake wa wakati ule walimheshimu zaidi kwa uchunguzi wake wa nyonga ya mwanamke na wa njia ambayo kichwa cha mtoto hupita wakati wa kuzaliwa.

## Maisha

Naegele alizaliwa katika mji wa Düsseldorf, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, na mwana akafuata njia hiyohiyo. Alisoma udaktari Strasbourg, Freiburg na Bamberg, akapata shahada yake mwaka 1800. Baadaye alifanya kazi ya udaktari huko Barmen, mji uliokuwa umeanza kujaa viwanda vya nguo.

Mwaka 1807 aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Huko ukunga ulikuwa mikononi mwa Franz Anton Mai, mtu aliyejitahidi sana kuwapa wakunga elimu ya darasani. Mai alikuwa baba mkwe wa Naegele. Mwaka 1810 Naegele alipewa uprofesa kamili na uongozi wa nyumba ya wazazi ya chuo, akabaki Heidelberg hadi kufa kwake.

Nyumba za wazazi za wakati huo hazikufanana na wodi za leo. Wanawake waliojiweza walijifungulia nyumbani, wakihudumiwa na mkunga. Waliokwenda kwenye nyumba hizo walikuwa hasa maskini na wasichana wasioolewa. Walipata chakula na malazi, na wanafunzi wa udaktari na wakunga walijifunza kwa kuwahudumia. Kwa Naegele hiyo ilikuwa nafasi ya kuona mamia ya uzazi kwa macho yake, kuandika alichokiona na kulinganisha tukio moja na jingine. Tabia hiyo ya kutazama kwanza na kutoa hukumu baadaye ndiyo iliyomjengea jina.

Mwaka 1830 alichapisha kitabu cha kiada kwa ajili ya wakunga. Kitabu hicho kilichapishwa tena mara nyingi. Mwanawe, Hermann Franz Naegele, aliyezaliwa mwaka 1810, naye alikuwa daktari wa ukunga na aliandika kuhusu kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Baba na mwana walifariki katika mwaka mmoja, 1851.

## Uchunguzi wa nyonga na njia ya uzazi

Mwaka 1819 Naegele alitoa maelezo kuhusu namna mtoto anavyopita katika nyonga. Vitabu vingi vya awali vilieleza jambo hilo kwa kubuni kuliko kwa kuchunguza. Naegele alipima kwa vidole, hatua kwa hatua, mahali kilipo kichwa cha mtoto. Alionyesha kwamba kwa kawaida kichwa huingia kikiwa kimekaa upande au mshazari, kisha hugeuka kadiri kinavyoshuka. Maelezo hayo yaliwasaidia wakunga kutofautisha uzazi unaokwenda vizuri na ule uliokwama.

Mwaka 1839 alichapisha kitabu kuhusu nyonga iliyobana upande mmoja. Katika hali hiyo sehemu ya upande mmoja wa mfupa wa nyuma wa nyonga haikukua vizuri, na kiungo chake kimeshikamana. Mwanamke mwenye nyonga ya namna hiyo anaweza kuonekana mzima, akatembea na kufanya kazi kama wengine, lakini uchungu ukianza mtoto hapiti. Katika karne ya 19 upasuaji wa kumtoa mtoto ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo kwa mama, kwa hiyo kulitambua tatizo hilo mapema lilikuwa jambo zito. Umbo hilo la nyonga bado huitwa nyonga ya Naegele.

## Kanuni ya Naegele

### Asili yake

Boerhaave (1668–1738) alifundisha katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alieleza kwamba wanawake wengi hushika mimba muda mfupi baada ya hedhi. Kwa sababu hiyo alishauri kuongeza wiki 1 baada ya hedhi ya mwisho, kisha kuhesabu miezi 9. Naegele aliirudia hesabu hiyo katika mafundisho yake kwa namna rahisi kukumbuka. Kuhesabu miezi 9 mbele ni sawa na kurudi nyuma miezi 3 na kuhamia mwaka unaofuata, na kurudi miezi 3 ni rahisi zaidi kwa mtu anayehesabu kichwani.

Wote wawili walifanya kazi kabla sayansi haijajua yai la mwanamke hukomaa lini. Yai la mamalia lilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1827 na Karl Ernst von Baer. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1920 ndipo Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria walipoonyesha, kila mmoja kwa utafiti wake, kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hivyo kanuni ilitumika kwa zaidi ya miaka 100 bila watumiaji wake kujua sababu ya ndani ya hesabu waliyoifanya.

### Namna ya kuhesabu

Tuchukue mwanamke ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 4 Aprili. Ukirudi nyuma miezi 3 unapata 4 Januari. Ukiongeza siku 7 unapata 11 Januari ya mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo siku anayotarajiwa kujifungua.

Kwa kuwa miezi ya kalenda haina urefu mmoja, kanuni haitoi idadi ileile ya siku kila mara:

* Hedhi ikianza 28 Agosti, jibu ni 4 Juni, yaani siku 280 baadaye (kama Februari ina siku 28).
* Hedhi ikianza 4 Aprili, jibu ni 11 Januari, yaani siku 282 baadaye.
* Hedhi ikianza 5 Mei, jibu ni 12 Februari, yaani siku 283 baadaye.

Ndiyo maana kisahani cha duara cha karatasi ngumu kinachotumiwa na wauguzi, ambacho huhesabu siku 280 kamili, kinaweza kutofautiana na hesabu ya kichwani kwa siku 1 hadi 3. Tofauti hiyo si kosa la muuguzi.

### Udhaifu wake

Udhaifu wa kwanza uko katika mwanzo wa hesabu. Boerhaave na Naegele hawakuacha maelezo yaliyo wazi kama hesabu ianze siku ya kwanza ya hedhi au siku ya mwisho. Kwa mwanamke anayepata hedhi kwa siku 5, jibu linaweza kusogea siku kadhaa. Vitabu vya baadaye vilichagua siku ya kwanza, na chaguo hilo limekuwa desturi duniani kote. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1990, uliohusisha mimba zaidi ya 400,000, ulionyesha kwamba urefu wa kawaida wa ujauzito kutoka siku ya kwanza ya hedhi ni takriban siku 281 au 282. Kwa hiyo siku 280 ni fupi kidogo, ingawa si kwa kiasi kikubwa.

Udhaifu wa pili ni kwamba kanuni inachukulia kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 hutoa yai wiki 1 baadaye, na siku yake ya kujifungua husogea mbele kwa kiasi hicho. Udhaifu wa tatu ni kumbukumbu: hesabu haiwezi kuwa sahihi kuliko tarehe iliyotajwa mwanzoni.

Hata tarehe ikiwa sahihi, kanuni hutoa makadirio tu. Ni watoto 4 au 5 tu kati ya 100 wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa. Wengi huzaliwa ndani ya wiki 2 kabla au baada yake.

## Wiki za ujauzito

Kutokana na kanuni hii, umri wa ujauzito huhesabiwa kwa wiki zilizokamilika tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba katika wiki 2 za mwanzo mwanamke bado hajashika mimba. Akigundua kuwa ni mjamzito siku ambayo hedhi ilipaswa kufika, tayari anahesabiwa kuwa na wiki 4, ingawa mimba yenyewe ina umri wa wiki 2 tu. Hesabu hii imewahi kuleta ugomvi katika nyumba ambako mume alikuwa safarini na kurudi, kisha akaambiwa idadi ya wiki isiyolingana na siku aliyorudi. Anayejua kanuni ataondoa wiki 2 kwanza.

Mimba ya wiki 37 hadi 41 huhesabiwa kuwa imetimia. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kukamilika ni njiti. Mimba ikifika wiki 42 imepitiliza, na hatari kwa mtoto huongezeka.

Usemi wa Waswahili wa miezi 9 haupingani na wiki 40. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, na miandamo 9 hufanya takriban siku 266. Huo ndio urefu wa ujauzito tangu mimba kutungwa hadi kuzaliwa. Ukiongeza siku 14 za kabla ya mimba kutungwa unapata 280. Waliohesabu kwa mwezi na waliohesabu kwa kalenda ya ukutani walikuwa wakipima kitu kilekile, ila walianzia mahali tofauti.

## Matumizi katika milima ya Usambara

Naegele hakufika Afrika. Wakati wa uzee wake, mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Vuga, makao ya Kimweri, mfalme wa Wasambaa. Miongo michache baadaye Usambara ikawa sehemu ya koloni la Ujerumani, na mji wa Lushoto ukaitwa Wilhelmstal. Tiba ya hospitali iliingia milimani katika enzi za ukoloni, na hesabu ya tarehe ya kujifungua ni sehemu ya tiba hiyo.

Leo mwanamke wa Lushoto, Mlalo, Mtae au Soni anapohudhuria kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza, huulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho. Muuguzi mkunga huandika kwenye kadi yake tarehe hiyo pamoja na siku ya matarajio. Shughuli hiyo huchukua dakika chache, lakini huongoza mambo mengi yanayofuata: siku za kurudi kliniki, wakati wa kuanza dawa za kukinga malaria, na uamuzi wa wapi na lini mama aende kujifungua.

Ugumu huanza pale tarehe isipojulikana. Mwanamke anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi. Aliyekuwa akitumia sindano za uzazi wa mpango anaweza kuwa amekaa miezi mingi bila hedhi. Mwingine hakumbuki tarehe bali tukio: ilikuwa kabla ya mfungo wa Ramadhani, au mvua za vuli zilipoanza, au wiki ya kupanda mahindi. Mkunga mzoefu hayadharau majibu hayo. Huyalinganisha na kalenda, huuliza mtoto alianza lini kucheza tumboni, kisha hupima tumbo.

Tumbo hupimwa kwa utepe kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Karibu na wiki ya 20 kilele hufika usawa wa kitovu, na kuanzia hapo hadi wiki ya 36 idadi ya sentimita hukaribia idadi ya wiki. Kipimo hiki nacho kina mtego. Mapacha hukuza tumbo, na mtoto asiyekua vizuri hulipunguza.

Mtego huo unaonekana wazi ukilinganisha milima na bonde lililo chini yake. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako baridi hupunguza mbu na malaria. Ukishuka Mombo na kuelekea Korogwe, malaria huongezeka. Malaria wakati wa ujauzito hushambulia kondo la nyuma na kudumaza ukuaji wa mtoto. Hapo mama mwenye wiki 36 na mtoto mdogo anaweza kudhaniwa kuwa na wiki 32. Asiyejua umri halisi wa mimba hawezi kutofautisha mtoto aliyewahi kuzaliwa na mtoto aliyedumaa, na kila mmoja anahitaji huduma yake.

Swali hilo lilichunguzwa Korogwe kwenyewe. Kati ya mwaka 2008 na 2010 watafiti waliwafuatilia wajawazito waliopimwa kwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane bila kutegemea kumbukumbu peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalitoa chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na wanawake wa Afrika Mashariki.

## Kanuni na ultrasaundi

Ultrasaundi katika ukunga ilianzishwa na Ian Donald na wenzake huko Glasgow, Uskoti, na matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 1958. Katika miezi 3 ya kwanza kipimo cha urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalio hukadiria umri wa mimba kwa tofauti isiyozidi wiki 1 hivi. Kadiri mimba inavyokua, watoto huanza kutofautiana kwa ukubwa na usahihi hupungua. Katika miezi 3 ya mwisho kosa linaweza kufika wiki 3. Picha inayopigwa kwa mara ya kwanza katika mwezi wa nane haiwezi kufuta tarehe ya hedhi iliyokumbukwa vizuri.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate angalau kipimo 1 cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, na hudhurio la kwanza la kliniki liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Wanawake wengi nchini Tanzania hufika kliniki baada ya muda huo. Kwa anayeishi kijiji cha mlimani, mbali na hospitali yenye kipimo, tarehe aliyoikumbuka hubaki ndiyo kipimo bora alicho nacho.

## Uzito wa tarehe

Kosa la wiki 3 au 4 lina gharama pande zote mbili. Mama akihesabiwa wiki nyingi kuliko alizo nazo, anaweza kuanzishiwa uchungu au kupasuliwa kabla ya wakati, na mtoto akazaliwa na mapafu yasiyokomaa. Akihesabiwa chache, mimba iliyopitiliza huachwa iendelee hadi mtoto akafia tumboni.

Mfano mwingine ni sindano anayopewa mama ili kukomaza mapafu ya mtoto anayetarajiwa kuzaliwa kabla ya wakati. Dawa hiyo huokoa maisha ikitolewa kati ya wiki 24 na 34 katika hospitali yenye uwezo wa kuwatunza njiti. Shirika la Afya Duniani limeweka sharti kwamba itolewe pale umri wa mimba unapoweza kupimwa kwa usahihi. Bila tarehe ya kuaminika, dawa nzuri inaweza kutolewa kwa mtu asiyeihitaji.

Katika milima, tarehe ni pia suala la barabara. Mama aliyewahi kupasuliwa, au mwenye mapacha, hushauriwa kusogea karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza. Anayetoka kijiji cha mbali huenda akahitaji kufika Lushoto au Bumbuli, na pengine Hospitali ya Bombo mjini Tanga. Akihama mapema mno, shamba na watoto hubaki bila mtu kwa wiki nyingi. Akichelewa, uchungu humkuta njiani, na katika masika njia za udongo huwa na utelezi mkubwa.

## Urithi

Jina la Naegele limebaki katika nyonga aliyoieleza, katika koleo la kumtolea mtoto lililotumiwa sana Ujerumani, na zaidi ya yote katika kanuni ambayo hakuibuni. Uchunguzi wake kuhusu njia ya uzazi umeingia katika vitabu vyote vya ukunga kiasi kwamba wanaousoma hawajui tena ulitoka kwa nani.

Kanuni imedumu si kwa sababu ni sahihi kupita vipimo vingine, bali kwa sababu haihitaji umeme, mashine wala fedha. Inahitaji tarehe 1 tu, nayo iko mikononi mwa mwanamke mwenyewe. Kwa hiyo walimu wa afya ya uzazi huwashauri wasichana na wanawake kuandika siku ya kwanza ya kila hedhi, iwe kwenye daftari, kwenye simu au kwa alama kwenye kalenda, hata kama hawatarajii kushika mimba.